NAMNA YA KULALAMIKA JUU YA MUTO: SOMO KUTOKA CHINGOLA



1. SABABU YA SOMO HILI

Wengi wenu munakumbuka maneno yaliyotokea katika wiki ya tatu ya trimestri hii. Kijito kinachopita nyuma ya uwanja wa mupira kiligeuka rangi kama chai ya maziwa. Samaki wadogo walielea tumbo juu. Mboga za bustani yetu, zile tulizonywesha maji ile, zilikauka majani. Na kule juu, mwendo wa saa moja kwa miguu, kuko kiwanda kinachosafisha majiwe ya shaba.

Magaribi ile wanafunzi karibu makumi ine walikusanyika mbele ya chumba cha chakula. Mudogo mumoja wa darasa la chini alituambia: « Yaya, tuende sasa hivi. Tukiwatupia majiwe, watasikia tu. » Sisi viongozi wa wanafunzi tuliwazuia. Wengine walikasirika sana na kutuita waoga. Tuliwaambia: « Acheni kwanza, kesho tutaenda kwa Bwana Prefe. »

Kesho yake tulienda. Bwana Prefe alitusikiliza vizuri, kisha akatuuliza maulizo matatu. Maji ilianza kugeuka siku gani na saa ngapi? Nani aliona samaki wa kwanza? Nani alichota maji ile ndani ya chupa? Tulitazamana. Hatukuweza kujibu hata moja. Tuliporudi kijitoni, maji ilikuwa imekwisha kurudia rangi yake ya siku zote. Tulikuwa na hasira nyingi, lakini mukononi hatukuwa na kitu. Hata leo hatuwezi kusema kwa hakika kwamba ni kile kiwanda kilichofanya.

Kwa sababu hii tulitafuta kujua namna watu wengine walivyofanya wakati muto wao ulipoharibiwa. Tulikuta habari ya jirani zetu wa Chingola, kule Zambia. Habari yao ina furaha na huzuni pamoja, na katikati yake kuko somo moja kubwa: mutu asiyeandika analia bure.

2. MUTO KAFUE NA MUJI WA CHINGOLA

Chingola ni muji wa migodi katika Copperbelt, si mbali na mupaka wa Katanga. Shaba yao na shaba yetu ni mukanda mumoja chini ya udongo. Muto wao mukubwa ni Kafue. Unatoka karibu na mupaka wa Kongo, unapita kati ya miji ya migodi, na baada ya safari ya kilometa zaidi ya 1500 unaingia katika Zambezi. Hata Lusaka, muji mukubwa wa serikali, unakunywa maji ya Kafue. Basi anayeharibu maji kule juu anaharibu kikombe cha mutu asiyemujua.

Pale Chingola kuko mugodi wa Nchanga, na kampani inaitwa Konkola Copper Mines, ao KCM. Tarehe 6 Novemba 2006, bomba linalobeba tope la takataka za kiwanda lilipasuka. Tope likaingia katika vijito, na vijito vikalipeleka mpaka Kafue. Ilibidi kufunga maji ya bomba katika muji. Watu waliokuwa wamekunywa walisema kwamba wameumwa tumbo na kuhara.

3. NI NINI INATOKA KIWANDANI?

Wanafunzi wa kemia watatusaidia hapa. Ili kupata shaba, wanasaga majiwe mpaka yawe unga. Mara nyingi wanamimina asidi ya salfuriki juu yake, ili shaba iyeyuke na kutoka katika udongo. Kinachobaki ni tope. Tope hilo linasafiri kwa bomba mpaka katika ziwa lililojengwa kwa ukuta wa udongo. Bomba likipasuka, ao ukuta ukibomoka, tope linafuata njia ya maji yote: linateremuka mutoni.

Tunapima asidi kwa pH. Maji safi iko karibu na 7. Tusidanganyike na hesabu: kutoka 7 kuteremuka mpaka 6 ni asidi mara 10, na mpaka 5 ni mara 100. Maji ikiwa na asidi nyingi, shaba, kobalti na manganezi zinayeyuka ndani yake kupita kawaida. Shaba kidogo tu iliyoyeyuka inaharibu matamvua ya samaki, naye anakufa kwa kukosa pumzi. Ndiyo maana samaki ni mushahidi wa kwanza.

Dawa wanayotumia ni chokaa. Chokaa inapunguza asidi, na madini mengi yanashuka chini. Mufano wa karibu ni ule wa tarehe 18 Februari 2025. Siku ile ukuta wa ziwa la takataka ulibomoka huko Chambishi, katika kampani ya Sino-Metals Leach Zambia, na litri karibu milioni 50 za takataka zenye asidi zikateremuka kwa kijito cha Mwambashi mpaka Kafue. Watu wa Kitwe walikosa maji ya bomba, na serikali ilituma ndege kumwaga chokaa mutoni.

Lakini sikilizeni vizuri: madini yanaposhuka chini hayajapotea. Yanalala katika matope ya muto. Maji inaonekana safi machoni, na matope yanabaki na sumu. Kwa hiyo sisi tuliosema « kijito kimepona » tulisema upesi kupita kiasi.

4. WATU 2000 NA WATU 12

Turudi Chingola. Baada ya shida ya 2006, watu walifanya nini? Hawakuchoma kiwanda. Waliungana, watu karibu 2000, wakaenda tribinali. Mwaka wa 2011, Hakimu Philip Musonda wa Tribinali Kubwa ya Zambia aliwapa haki. Alisema vikali juu ya uzembe wa kampani, akaamuru ilipe kila mumoja kwacha milioni 5 za zamani. Kwa watu wote ilikuwa kwacha miliari 10, karibu dola milioni mbili za Marekani. Muwaze furaha ya siku ile! Wanakijiji walikuwa wameshinda kampani.

Kampani ilikata rufani. Maneno yakapanda mpaka kwa Tribinali ya juu kabisa ya Zambia, na hukumu ikatoka mwaka wa 2015. Wahakimu walikubali kwamba kampani ilikosa na kwamba maji ilichafuliwa. Juu ya neno hilo, watu walishinda tena. Lakini kwa habari ya kulipa, wahakimu walitaka kujua kila mutu aliumizwa namna gani. Walitafuta kartasi za muganga. Kati ya watu karibu 2000, waliokuwa na kartasi ile walikuwa 12 tu. Hao 12 ndio waliobaki na haki ya kulipwa. Wengine wote walirudi mikono mitupu.

Ndugu, tulisoma hesabu hii mara mbili, tukizani tumekosea. Kumi na mbili! Si kwamba wale wengine walikuwa waongo. Pengine mama mumoja aliugua siku tatu, akanywa dawa ya majani, akapona, akaendelea na shamba. Nani angemufikiria kwenda kilometa nyingi kutafuta muganga amuandikie kartasi? Maskini hana tarehe, hana muhuri, hana foto. Ana kumbukumbu tu. Na mbele ya tribinali, kumbukumbu ya mutu mumoja ni kama mvuke wa asubui: iko, lakini huwezi kuishika.

5. SAFARI YA LONDON

Maneno hayakuishia pale. Watu wa vijiji vilivyo kandokando ya muto, kama Shimulala, Kakosa, Hippo Pool na Hellen, walisema kwamba maji yao na mashamba yao yameharibiwa na takataka za mugodi tangu miaka mingi. Sehemu kubwa ya KCM ilikuwa ya Vedanta, kampani iliyokuwa na makao yake Uingereza. Kwa hiyo mwaka wa 2015 wanakijiji 1826, wakisaidiwa na maavoka wa kule, walishitaki kampani zote mbili huko London.

Kampani zilijibu: « Maneno ya Zambia yakatwe Zambia. » Walibishana juu ya hiyo peke yake miaka karibu ine. Tarehe 10 Aprili 2019, Tribinali ya juu ya Uingereza ilitoa jibu: wanakijiji wanaweza kusikilizwa Uingereza. Wahakimu waliona kwamba kule Zambia watu hawa maskini hawangepata feza wala maavoka wenye uzoefu wa kutosha kwa maneno makubwa namna ile.

Kuko neno lingine lililotushangaza. Namna gani kampani mama ya mbali ingehukumiwa juu ya bomba la Chingola? Wahakimu walitazama kartasi za Vedanta yenyewe. Katika ripoti zake, Vedanta ilikuwa imeandika kwamba inasimamia namna kampani zake zinavyolinda maji na mazingira. Wahakimu wakasema kwamba maandiko kama hayo yanatosha kwa kuanzisha mashitaki. Munaona? Kule Zambia watu walishindwa kwa kukosa kartasi. Kule London kartasi ya kampani ikafungua mulango.

Mwezi wa kwanza wa 2021, kampani na wanakijiji, ambao sasa walikuwa 2577, walipatana inje ya tribinali. Kampani hazikukubali kosa, na feza yenyewe haikutangazwa. Tusiite hiyo ushindi kamili. Lakini watu ambao hakuna mutu aliyewajua walikaa meza moja na kampani kubwa, nayo ikalazimishwa kupatana nao.

6. SHERIA YA INCHI YETU

Pengine mutu atasema: « Hiyo ni Zambia. Hapa kwetu nani atatusikiliza? » Tufungue Katiba yetu ya 2006. Kipengele cha 53 kinasema kwamba kila mutu ana haki ya kuishi katika mazingira yenye afya. Kipengele cha 27 kinatupa haki ya kuandikia wakubwa wa serikali barua ya kulalamika, mutu peke yake ao watu wengi pamoja. Mukubwa aliyeandikiwa anapashwa kujibu katika miezi mitatu, na hakuna mutu anayeweza kushitakiwa kwa sababu ameandika barua kama hiyo. Tena sheria ya migodi, ilivyotengenezwa upya mwaka wa 2018, inasema katika kipengele 285 bis kwamba mwenye haki ya mugodi anapashwa kulipa hasara iliyoletwa na kazi yake, hata kama hakufanya uzembe.

Sheria iko. Lakini sheria ni kama jembe lililotundikwa ukutani: halilimi lenyewe. Na yule atakayelishika lazima aonyeshe hasara ni gani, ilitokea siku gani, na ilitoka wapi. Tunarudi palepale kwa maulizo matatu ya Bwana Prefe.

7. NENO JUU YA BABA ZETU WANAOFANYA KAZI PALE

Hatutaki kuficha neno hili. Wengine kati yetu baba zao wanafanya kazi katika kile kiwanda. Minervali yao inatoka pale. Rafiki yetu mumoja alituuliza usiku ule: « Mukienda kuvunja mulango, baba yangu njo atasimama nyuma ya mulango. Mutamutupia yeye majiwe? » Hatukuwa na jibu.

Basi tuseme wazi: kulinda muto haimaanishi kufunga kazi. Mufanyakazi naye anakunywa maji, na watoto wake wanaoga katika kijito hiki hiki. Tunachotaka ni bomba litazamwe kabla ya kupasuka, ukuta wa ziwa upimwe kabla ya mvua, maji ichunguzwe katika labo, na watu waambiwe kweli siku ile ile. Hilo si neno la adui. Na kama siku moja tutaona kwamba kiwanda hakina kosa, tutapashwa kusema hivyo pia, kwa sauti ile ile.

8. NEHEMIA ALIANZA USIKU

Tusome Nehemia sura ya 2. Nehemia alipofika Yerusalema hakupiga kelele. Alikaa siku tatu. Kisha akaamuka usiku pamoja na watu wachache, akazunguka ukuta, akatazama pahali palipobomoka na milango iliyoungua. Wakubwa hawakujua alikokwenda. Alipokwisha kuona na macho yake, hapo ndipo aliposema na watu, nao wakakubali kujenga. Na mbele ya hayo yote alikuwa amemuomba mufalme barua za ruhusa. Kwanza barua, kisha macho, kisha maneno, kisha kazi.

Tena mukumbuke mujane wa Luka sura ya 18, aliyerudi na kurudi kwa hakimu asiyemuogopa Mungu. Nehemia anatufundisha kupima, mujane anatufundisha kutochoka. Watu wa Chingola walihitaji mambo yote mawili, na sisi pia.

9. BUKU YA MUTO

Tumesema na Bwana Prefe, na mwalimu wa kemia, na Pasta. Wamekubali tuanze kazi ifuatayo:

a) Kuko buku moja, jina lake Buku ya Muto. Inakaa katika ofisi, haitoki bila ruhusa.

b) Kila siku ya posho wanafunzi wawili wanaenda kijitoni asubui na magaribi. Wanaandika tarehe, saa, rangi ya maji, harufu, mvua kama ilinyesha, samaki wafu kama wako. Wote wawili wanatia sahihi. Wanaandika kile walichoona, si kile wanachowaza. « Maji ilikuwa nyekundu » ni ushuhuda. « Kampani imetuua » si ushuhuda.

c) Pahali pa kutazama ni pawili: juu, kabla ya maji ya kiwanda kuingia, na chini, karibu na uwanja. Kama juu ni safi na chini ni chafu, hapo tunajua kitu. Kama kote ni chafu, tutafute sababu nyingine.

d) Maji ikigeuka, mutu asiiguse kwa mikono. Mwalimu wa kemia atachota katika chupa safi, atabandika tarehe na saa, na kupima pH. Anayeweza kupiga foto, apige.

e) Mutu akiugua, aende kwa muganga siku ile ile na kuomba kartasi. Tuwaambie na wazazi wetu na mama wa jikoni. Tukumbuke wale 12.

f) Hakuna mutu anayeingia katika uwanja wa kiwanda. Hakuna jiwe. Siku tutakayotupa jiwe, maneno yote yatakuwa juu ya jiwe, na muto utasahauliwa.

g) Tukiwa na ushuhuda wa kutosha, tutaandika barua pamoja na wazazi na wakubwa wa kijiji. Barua iwe fupi: sisi ni nani, tuliona nini na siku gani, tunaomba nini, tunangoja jibu mpaka lini. Kopi moja itarudi kwetu ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Bila muhuri ule, watatuambia hawakuona barua.

Wale makumi ine waliotaka kwenda usiku ule, tunawaita wa kwanza. Hasira yenu haikuwa mbaya. Ilitoka katika upendo wa kijito tulichoogelea tangu darasa la kwanza. Lakini tunawaomba muibadilishe iwe uvumilivu. Kutupa jiwe ni kazi ya dakika moja. Kwenda kijitoni kila posho, hata siku ambayo hakuna kitu cha kuona, na kuandika « maji safi, hakuna samaki mufu », hiyo ni kazi ya mutu mukubwa. Na zile siku safi ndizo zitakazosema siku chafu ni gani.

Sisi wa darasa la mwisho tutaondoka baada ya Eksameni ya Serikali. Kijito kitabaki, na buku itabaki. Tunaiacha mikononi mwenu. Musiruhusu mutu akute ukurasa mutupu.

MAULIZO YA KUFIKIRI

1. Sababu gani watu 12 tu wa Chingola walibaki na haki ya kulipwa, hata kama tribinali ilikubali kwamba maji ilichafuliwa?

2. pH ya maji ikiteremuka kutoka 7 mpaka 4, asidi imezidi mara ngapi?

3. Maji ikirudia rangi yake, tunaweza kusema kwamba muto umepona? Eleza.

4. Kipengele cha 27 cha Katiba kinampa mukubwa wa serikali muda gani kwa kujibu?

5. Kama baba yako angekuwa mufanyakazi wa kile kiwanda, ungeandika nini katika Buku ya Muto? Jibu mbele ya Mungu.

Bwana awabariki na kulinda maji yetu.

Ni sisi, viongozi wa wanafunzi.